Matumbawe Yalipogombana Sebuleni

Waliomjua walimwita Bi Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata alipokwenda msibani. Alishona makoti ya madaktari na mashuka ya wodi katika karakana ya hospitali, mashine ya tatu kutoka dirishani, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba macho yanadanganya, kipimo hakidanganyi. Maswali hakufundishwa na mtu, alizaliwa nayo. Likiletwa koti lenye doa, wenzake waliuliza litatoka kwa sabuni gani. Yeye aliuliza doa lenyewe ni la nini.

Maswali hayo ndiyo yaliyompatia tangi lake la kwanza. Mwalimu wa baiolojia, jirani yake wa mlango wa pili, alipata uhamisho, akawa hana namna ya kusafiri na tangi la vioo lenye maji ya chumvi, mawe ya bahari, matumbawe matano na samaki wawili wa rangi ya chungwa.

"Kila anayeingia hapa ananiuliza samaki hawa wanauzwaje," alimwambia. "Wewe tu ndiye uliyeniuliza wanalalaje. Chukua."

Mwaka wa tatu, Bi Futi aliona doa jeupe ubavuni mwa tumbawe la zambarau, upande uliokaribiana na lile la kijani. Alidhani ni ugonjwa. Akapeleka picha kwa muuza samaki wa mapambo, mzee mwembamba aliyeitwa Pampu kwa jinsi alivyozungumza bila kituo.

"Huu si ugonjwa," Pampu akasema. "Yanagombana."

"Matumbawe? Hayana hata mikono!"

"Mchana hayana. Gizani hilo la kijani linatoa nyuzi, linamchoma jirani yake. Yamekua, mama, na kila moja linataka nafasi. Nyumba imekuwa ndogo."

Kesho yake alfajiri, kabla ya kuwasha taa, alipiga magoti mbele ya tangi na tochi. Kweli bwana. Nyuzi nyembamba kuliko uzi wa kushonea zilikuwa zimenyooshwa majini, zikipapasa. Alichelewa kazini siku hiyo, na hakujuta.

Ikabaki kuchagua tangi kubwa, na mfuko wake ulikuwa wa kutosha tangi jipya au taa mpya, si vyote viwili. Dukani kwa Pampu palikuwa na tangi refu la kwenda juu, vioo vyake vinang'aa, mtu akiliona anaishiwa maneno. Bi Futi alivua futi shingoni. Akapima kina cha tangi, kisha akapima mkono wake mwenyewe, kutoka kwapani hadi ncha ya vidole.

"Sifiki chini," akasema. "Nitasafishaje? Na mwanga wa taa zangu utafika?"

Pampu akajikuna kidevu. "Hautafika. Utahitaji taa kali zaidi."

"Basi hili ni gauni zuri la mtu mwingine."

Pampu alicheka hadi akakohoa, kisha akamwelekeza kwa kinyozi mmoja aliyekuwa akifunga saluni yake. Huko alikuta tangi limewekewa mataulo: pana, fupi, futi nne kwa urefu, na akizamisha mkono, kina chake hakikupita kiwiko. Lita mia mbili na arobaini. Bei yake ilikuwa robo ya bei ya lile la dukani.

"Halivuji hata tone, dada yangu," kinyozi akaapa.

"Nakuamini. Hebu tulijaze maji, tutandike magazeti chini, nije keshokutwa."

Keshokutwa ilipofika, pembe moja ya gazeti ilikuwa imelowa. Kinyozi aliona haya, akashusha bei, akashauri lipakwe gundi juu ya pale panapovuja. Bi Futi akatikisa kichwa. Mshono mbovu haushonewi juu, unafumuliwa. Alimwendea fundi vioo, akaelezwa jambo hilohilo: gundi mpya haishiki juu ya ya zamani. Basi alichukua wembe, akakwangua gundi yote ya ndani kwa jioni tatu, akapaka gundi mpya ya silikoni kwa mkono usiotetemeka, akaiacha ikauke wiki nzima. Alipolijaza tena, magazeti yalibaki makavu siku nne.

Sasa ulikuja mtihani wenyewe. Fundi mwashi aliyeitwa kukagua sakafu ya ghorofa yao aligonga hapa na pale, kisha akasema tangi zito hivyo likae palipo na boriti ya zege chini, na boriti ilipita kando ya ukuta mmoja tu. Kwenye ukuta huo palikuwa na kabati la vyombo vya wageni na kiti cha mama mkwe wake. Wawili hao waliishi pamoja tangu mume wa Bi Futi alipofariki, na kiti hicho hakuna aliyethubutu kukisogeza.

"Mama, nina ombi," Bi Futi alianza.

"Nimesikia. Wanitoa mahali pangu kwa ajili ya samaki asiyeliwa."

"Si samaki tu, mama. Matumbawe yanapigana."

Mama mkwe alishusha miwani. "Yanapigana? Na nani anashinda?"

"Lile la kijani."

"Hebu nione."

Alitazama kitambo kirefu, pua karibu na kioo. Mwisho akasema kwamba vyombo vya wageni vilishakosa wageni tangu zamani, kabati liende chumbani. Kiti chake hakitoki sebuleni, kigeuzwe tu kitazame tangi.

Waliwahamisha samaki na matumbawe Jumamosi. Maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele kwa siku tatu, na samaki mmoja hakutokea, wakamlilia kimyakimya, hadi alipoibuka nyuma ya jiwe akiwa mzima. Matumbawe yaliwekwa mbalimbali, shubiri mbili kati ya moja na jingine. Baada ya miezi miwili lile doa jeupe lilianza kuota ngozi ya zambarau pembezoni.

Alasiri moja simu ya Bi Futi iliita karakanani.

"Mwanangu," sauti ya mama mkwe ilikuwa ya kunong'ona, kana kwamba anaogopa kusikiwa. "Kuna kitu kimetoka chini ya jiwe. Hatukukinunua hiki."

"Kikoje?"

"Kina mikono mitano, myembamba, inajikunja kama nyoka. Kichwa chake hakionekani. Kinatembea."

"Kinatembea kuelekea wapi?"

"Subiri nikuangalizie."

Bi Futi alikwisha kunyanyua mguu kutoka kwenye pedali ya mashine. Aliliacha koti la daktari likiwa na mkono mmoja tu, akachukua mkoba, akamwambia msimamizi kwamba ana mgeni nyumbani.