Ubao wa Marehemu

Mlango wa pili kutoka kibanda changu cha ushonaji kuna fundi kompyuta anayeitwa Daktari. Jina hilo alijipa mwenyewe, na sisi kwa uvivu tukalikubali. Ukimpelekea diski iliyogoma, hahangaiki na kioo cha kompyuta kwanza. Anaichomeka, anaiinua hadi sikioni, anafumba macho. Akisikia tik, tik, tik, anaichomoa taratibu, anakuambia "pole sana," kisha anakwenda ukutani kuongeza alama kwenye ubao.

Ubao huo ndio uliomharibu. Ameugawa safu tatu kwa rangi za vibandiko, maana majina ya kiwandani hakuna anayeyakumbuka: Kijani, Nyekundu na Bluu. Chini ya kila aina anahesabu diski zilizomfia mikononi. Kwa miaka tisa Kijani zilifika mia moja na kumi na mbili, Nyekundu arobaini na saba, Bluu tatu tu. Basi Daktari akaanzisha dini. Mtu akija kununua chaja, anaondoka na mahubiri. "Kijani ni jeneza," anamwambia. "Nunua Bluu ulale usingizi." Nimewahi kumwona akimfuata mteja hadi barabarani kwa kosa la kuisifu Kijani.

Mimi diski sizijui, lakini mjuaji namjua nikimwona. Nilinyamaza kwa sababu jirani ni jirani. Aliyethubutu kumpinga ni dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Siku moja alisimama mbele ya ubao, miwani imeshuka puani, akauliza, "Mdogo wangu, hawa ni marehemu. Wazima umewaandika wapi?"

"Wazima hawaji hapa, dada."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Daktari akacheka kile kicheko chake cha kitaalamu. Haambiliki yule.

Shida ni kwamba Mwalimu naye alikuwa na Kijani, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yao. Miezi michache kabla mama hajafariki, Mwalimu alimkalisha sebuleni alasiri moja, akamrekodi kwa simu: majina ya ukoo, vituko vya ujanani, na wimbo aliowabembelezea watoto wake wote. Simu ile baadaye ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikabaki diski peke yake. Daktari akakosa raha kabisa kwa kuwaza kwamba mama yake amelala ndani ya Kijani. Alimsumbua dada yake wiki nzima mpaka akaileta, akahamishia kila kitu kwenye Bluu mpya.

"Weka na nakala ya pili," Mwalimu akamwambia.

"Dada, kuweka nakala ya pili ni kuitukana Bluu."

Miezi minne baadaye, Jumamosi asubuhi, Mwalimu akaja na Bluu ndani ya mkoba. Binti yake alikuwa amejifungua, na alitaka mwanawe alale kwa wimbo wa bibi. Mwalimu mwenyewe anaukumbuka mstari wa kwanza tu. Baada ya hapo ni kuguna. Na diski imekataa kufunguka.

Nilikuwepo, nimefuata mkasi wangu alioazima. Nilimwona Daktari akiiweka sikioni. Tik, tik, tik. Tuliisikia wote, hata mimi nisiyejua kitu. Uso ukamshuka, na safari hii hakuwa na wa kumpa pole.

"Maishani mwako umewahi kuona Bluu ngapi?" Mwalimu akauliza polepole, kama anamwuliza mtoto wa darasa la nne.

"Nne. Pamoja na hii."

"Na ubaoni ziko ngapi?"

"Tatu."

"Ongeza moja."

Hakuongeza. Nne kwa nne, hata mimi hesabu hiyo niliiweza.

"Na Kijani ziko ngapi mjini?"

"Kila nyumba," akasema, akajiangusha kwenye kiti cha wateja. "Dada, nimemzika mama mara ya pili."

Mwalimu akaanza kulia bila sauti. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwuliza, "Ile Kijani uliipeleka wapi?"

"Niliitupa."

"Hukuitupa wewe!" nikakumbuka. "Ulinipa mimi!"

Cherehani yangu ina mguu mmoja mfupi. Siku ile aliyohamisha, Daktari aliniletea Kijani, akaipachika chini ya mguu huo, akasema, "Chukua, fundi, angalau hapa itafaa kitu." Kumbe miezi minne nimeshona mapazia na suruali juu ya mama yao! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tulikimbilia kwangu wote watatu. Daktari akainua cherehani, mimi nikaivuta Kijani, imejaa vumbi na vipande vya uzi, kibandiko kimesagika.

"Uliifuta?" Mwalimu akauliza.

"Niliona haistahili hata kufutwa."

Akairudisha dukani kwake akiwa ameikumbatia. "Haitawaka," alisema huku akiichomeka. "Kijani, tena imetikiswa miezi minne." Ikavuma kwa utulivu, na faili zote zikajipanga kwenye kioo.

Mama akaanza kuimba. Sauti nyembamba, kavu, isiyo na haraka. Mwalimu akawa anafuatisha kwa midomo: mstari wa pili, wa tatu. Kisha kwa mbali kukasikika mtu akigonga chuma, na wimbo ukakatika.

"Nani huyo anagonga?" mama akauliza.

"Mdogo wangu," ikajibu sauti ya Mwalimu. "Anafungua redio yako."

"Redio nzima anaifungulia nini? Mwambie aje akae hapa anisikilize. Au anangoja mpaka niharibike?"

Kugonga kukaendelea. Mama akacheka kidogo, akarudi kwenye wimbo wake.

Nikamtazama Daktari. Rekodi ile hakuwahi kuifungua. Siku ya kuihamisha alilinganisha ukubwa wa faili, akaona zimetimia, basi. Sasa alivuta kiti karibu na spika, akalia waziwazi, akasikiliza mpaka mwisho, muda wa saa moja na nusu. Alikuja mtu wa chaja, nikamfukuza.

Siku hizi wimbo uko kwenye diski tatu za aina tatu. Ubaoni kuna safu mpya ya wazima, na Daktari anasimamisha wapita njia kuwauliza hali za diski zao. Bluu ipo chini ya mguu wa cherehani yangu. Ni nene kuliko Kijani, kwa hiyo nashona nimeinama upande.

Daktari akifunga duka huenda kwa dada yake kumbembeleza yule mtoto. Mwalimu anasema mdogo wake ameushika wimbo wote, ila akifika mstari wa tatu hunyamaza, pale pale mama alipoukatiza kuuliza nani anagonga, ndipo anaendelea.