Mkono wa Kushoto na Saruji Mbichi

Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto, na kwetu Sepuka hilo lilikuwa jambo la kurekebisha mapema, kama mtoto anayekula udongo. Aliyenilea ni bibi mzaa baba, maana mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Kila tulipokaa kula, bibi alichukua kipande cha kanga chakavu akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. Hakunigombeza wala kunipiga. Alifunga taratibu, akapitisha kidole chake ndani ya fundo kuona kama halinibani, kisha akanisogezea ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Mkono wa kulia haukujua kazi. Mlenda ulinichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na bibi alinifuta kila mara bila kuchoka.

"Huu mwingine ni mkono wa chooni," alikuwa akisema. "Ukiuzoea, hakuna mtu atakayepokea chakula chako. Wala hakuna atakayekuoa."

Angekuwa mkali labda ningebisha. Lakini alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyenipenda, kwa hiyo nilimwamini.

Shuleni walinipokea wenye fimbo. Nikishika kalamu kwa kushoto napigwa kwenye vifundo vya vidole, nikishika kwa kulia naandika kama kuku aliyeparura vumbi. Darasa la nne mwalimu mmoja aliinua daftari langu mbele ya wenzangu akauliza, "Huyu kaandika kwa mguu?" Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kuandika si kazi yangu, kama wengine wanavyojua kwamba kuimba si kazi yao.

Shida ni kwamba nilipenda herufi. Nilizitazama nyuma ya malori, kwenye mifuko ya saruji, kwenye magunia ya mbolea, nikazibeba kichwani mpaka malishoni. Huko, nyuma ya mawe makubwa ambako hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi, nilitoa kipande cha mkaa nikaandika kwenye jiwe kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitoka zimesimama wima, zina nafasi sawa, kama zilizopigwa chapa. Nilizitazama kidogo, kisha nikazifuta kwa majani mabichi. Nilipokwenda kuungama kabla ya kipaimara, nilitaja kuiba sukari na kumtukana binamu yangu. Hilo la mkaa sikulitaja, na kwa muda mrefu niliishi na hofu kwamba nimepokea sakramenti nikiwa nimeficha dhambi.

Darasa la saba sikufaulu. Miaka michache baadaye niliolewa Ihanja na fundi wa kujenga, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alijenga nyumba za watu, na kukiwa na msiba ndiye aliyeitwa kujengea kaburi. Mimi nilimchotea maji, nikamchanganyia mchanga na saruji. Akimaliza kulainisha saruji ya juu ya kaburi, alichukua msumari mrefu akaandika jina la marehemu kabla haijakauka. Mwandiko wake ulilala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Siku moja nafasi ilimwishia, akalazimika kuzishusha herufi mbili za mwisho chini ya jina. Mkono wangu wa kushoto uliniwasha kabisa, nikauficha ndani ya kitenge. Mume wangu aliamini sijui kuandika, kwa sababu kila palipotakiwa sahihi nilichovya kidole gumba kwenye wino.

Tulipata watoto watatu. Wa pili, msichana, alikuwa na miaka sita alipopata homa kipindi cha masika. Tulimpeleka zahanati, wakatupa barua ya kwenda hospitali mjini Singida. Siku ya tatu huko hospitali, asubuhi, aliomba uji. Nilimlisha vijiko vinne. Cha tano hakukimeza.

Wiki mbili baada ya mazishi mume wangu alisema anataka kujengea. Tulikwenda wawili tu, na mama mkwe akatufuata baadaye na ndoo ya maji. Mume wangu alijenga kaburi lile dogo vizuri kuliko yote niliyowahi kumwona akijenga. Alilainisha mpaka likang'aa. Kisha akachukua msumari, akapiga magoti, akauweka juu ya saruji, na hakuandika. Alikaa hivyo.

"Saruji inakauka, baba watoto," nilimwambia.

"Siwezi," alisema. "Nikiandika, basi."

Aliinuka akaenda kukaa mbali, amenipa mgongo. Jua lilikuwa kali na saruji ilianza kubadilika rangi pembeni. Nilichukua msumari kwa mkono wa kulia nikaanza herufi ya kwanza. Ilipinda. Niliitazama ile herufi mbaya juu ya mwanangu, nikachukua mwiko wa fundi nikaifuta. Halafu nikahamishia msumari mkono wa kushoto.

Niliandika jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Sikufikiri chochote. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama juu yangu na ndoo yake.

"Umemwandika mtoto kwa mkono wa chooni," alisema. Hakupaza sauti. Alitua ndoo, akaondoka.

Mume wangu alikuja akatazama. Alitazama muda mrefu sana. "Ulijifunza wapi?" aliuliza.

"Malishoni."

Alikusanya vifaa tukarudi nyumbani.

Mwezi haukuisha kabla mama mmoja mjane hajaja mlangoni. Aliliona kaburi la mtoto alipokwenda kwa mumewe makaburini, akataka kujua nani ameandika, maana na yeye anajengea. Nilimwambia sijui kuandika. Alinitazama tu, akaaga. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta uwele, na alisikia kila neno.

Wakati huo nilikuwa na mimba changa. Ikaharibika. Mama mkwe alikuja kunikanda, alinikanda vizuri kwa upole, na akiwa anakamua kitambaa akasema, "Mwanangu, mkono ule unaita mauti. Uache." Nilimwitikia, "Ndiyo mama." Sikumchukia. Alisema kile bibi yangu angesema, na mimi mwenyewe ndicho nilichokuwa nawaza. Kwa mwaka mzima sikugusa msumari wala mkaa. Hata kufagia nilifagia kwa kulia.

Yule mjane hakukata tamaa. Kila tukionana kisimani alisalimia, kisha akauliza kama nimekwisha kujifunza kuandika. Siku moja nilimjibu kwa hasira kwamba mkono wangu una mkosi, kwamba umeniulia watoto. Aliweka dumu lake chini.

"Yule binti alipougua ulikuwa unamlisha kwa mkono gani?" aliuliza.

Nilijitwika maji yangu nikaondoka. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nacho kile kijiko cha tano. Nilikishika kwa mkono wa kulia. Maisha yake yote mwanangu nilimlisha, nilimwogesha na kumfunga vifungo kwa mkono wa kulia, ule mzuri, ule wa heshima, na haukumzuia kwenda. Nililia pale njiani mpaka watu wakanipita wakidhani kuna msiba mpya. Haikuwa faraja. Ila baada ya hapo sikuweza tena kuuogopa mkono wa kushoto kuliko wa kulia.

Nilimwandikia mjane kaburi la mumewe. Halafu wengine wakaja. Mume wangu hakuwahi kunisifu, ila siku moja aliniletea kibao cha mbao alichokipiga randa akakiegemeza ukutani. "Fanyia mazoezi hapa," alisema. Nilijifunza rangi na brashi peke yangu, nikaharibu mengi. Sasa ukipita barabara kuu pale kwetu, maandishi kwenye duka la dawa za mifugo, kwenye mashine ya kukamua alizeti na kwenye saluni mbili ni yangu. Wapo wanaosimama kunitazama nikiandika, na wapo wanaowavuta watoto wao mkono wasione. Mama mkwe anaishi nasi bado. Anakula chakula changu, lakini anachota mwenyewe kwenye sufuria.

Mwaka juzi nilikwenda Sepuka kumwona bibi. Macho yalikuwa yamekwisha, anakaa kwenye ngozi nje ya nyumba akifuata jua. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanipapasa uso. Kisha akaomba mikono yangu. Aliupapasa wa kulia, akaupapasa wa kushoto, akakomea kwenye kidole chenye sugu.

"Wameniambia," alisema.

"Ndiyo bibi."

"Nilikufunga miaka mingapi?"

"Mingi."

"Na haikusaidia." Nilingoja aseme kitu, sijui nini. Nadhani nilikuwa nimekuja kuchukua ruhusa, mwanamke mzima mwenye watoto. "Ukila unatumia upi?" aliuliza.

"Wa kulia."

"Vizuri. Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Mimi nikifa, aandike mumeo. Sitaki kulala chini ya mkono ule. Usinikasirikie. Nimekuwa hivi tangu nimezaliwa."

Nilimwambia sikasiriki. Nilimpikia, nikamlisha, na jioni niliondoka.

Alifariki kabla ya mavuno. Kaburi lilipojengewa ndugu zangu wote walinitazama mimi, maana sifa zilikuwa zimefika Sepuka, na baba mdogo alinishikisha msumari mwenyewe. Nilimpa mume wangu. Aliniuliza kwa macho, nikamwitikia kwa kichwa aendelee. Aliandika pole pole, ulimi nje kama mtoto wa shule, akijitahidi kuliko siku zote. Herufi zililala upande. Jina la bibi ni refu, na mwishoni likabanwa. Kulirekebisha ningeweza kwa dakika moja, saruji ilikuwa bado mbichi. Nilisimama na mikono yangu yote miwili nyuma mpaka saruji ikakauka.

Binamu yangu mmoja aliuliza kwa nini nimeliacha jina likae vile. Nilimwambia ndivyo bibi alivyotaka mwenyewe. Hakuniamini, akadhani nimelipiza. Mpaka leo sijamweleza zaidi, na mara nyingine mimi mwenyewe huwa sina hakika kama katika kunyamaza kwangu hakukuwa na kisasi kidogo.

Juzi alikuja baba mmoja kutoka Mgori na karatasi mkononi. Mama yake amefariki, anataka msalaba wa zege wenye jina na mwaka wa kuzaliwa. Nilimwuliza mwaka gani. Hakujua. Alisema mama yake alizaliwa wakati wa njaa fulani, hajui ipi. Alikuwa ametoka mbali na alionekana amechoka, nikampa maji na kiti. Tulikubaliana niandike jina tu, kwa herufi kubwa, nafasi iliyobaki iachwe wazi. Alinishukuru, akanyoosha mkono kuaga. Nilimpa wa kulia.