Makopo Arobaini ya Kakuma

Mashua iliyotoka Kilifi mwezi wa Novemba 2012 kuelekea Afrika Kusini, bila kutia nanga popote njiani, ilibeba chakula kilichofungwa Kakuma, mahali ambapo mto wenyewe ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kilikuwa kwenye makopo thelathini na tisa. La arobaini lililiwa Kilifi kabla ya safari, na bila hilo moja mdogo wangu asingeondoka.

Huyu mdogo wangu alikuwa akiendesha boti ya wageni Eliye Springs, kwenye Ziwa Turkana. Siku moja alimbeba mwanamke wa makamo aliyewahi kufundisha hesabu, ambaye mashua yake ya matanga ilikuwa Kilifi, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Katikati ya ziwa injini ya boti ikazimika. Mdogo wangu akaifungua, akaisafisha, akaiwasha, na muda wote huo akawa anajibu maswali ya yule mama kuhusu mamba. Walipofika ufukweni yule mama akamwuliza kama angependa kufanya kazi pwani, naye akakubali. Tangu siku hiyo sisi nyumbani tulimwita mama huyo Nahodha, hata wale ambao hatukuwa tumemwona.

Mashua ilitakiwa kuwa tayari kwa safari ya siku ishirini na tano hivi. Walikuwa watatu: Nahodha, kijana mmoja wa Mtwapa aliyejua matanga na kamba, na mdogo wangu. Kwa miezi kadhaa walikwangua chaza waliong'ang'ania chini ya mashua, wakabadilisha nyaya zinazoshikilia mlingoti, wakashona upya tanga kubwa. Kisha Nahodha akagawa kazi za safarini. Mdogo wangu alipewa injini na chakula.

"Friji ipo," Nahodha alimwambia, "lakini wewe panga kana kwamba itakufa siku ya kwanza. Na panga siku arobaini, si ishirini na tano."

Mdogo wangu alinipigia simu Lodwar akicheka. "Dada, wanaogopa kukaa bila friji! Mwambie mama atoe edodo."

Edodo ni maziwa yaliyochemshwa, yakamwagwa juu ya ngozi na kukaushwa juani mpaka yawe unga. Wanawake huyatengeneza wakati wa mvua, mifugo ikiwa na maziwa mengi, nayo huliwa kiangazi. Mama alikuwa na akiba nzuri mwaka ule. Akagawa katikati, nusu akaitia kwenye mifuko ya ngozi pamoja na nyama ya mbuzi iliyokaushwa, na mimi nikaipeleka kwenye basi. Hiyo ilikuwa Julai. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Wiki tatu baadaye simu ikalia.

"Dada, imeota nywele."

"Nini kimeota nywele?"

"Nyama. Maziwa yamekuwa jiwe, na jiwe lenyewe ni la kijani."

Nilimpa mama simu. Alisikiliza, kisha akasema, "Maziwa yangu? Basi huko unakokaa si kuzuri. Rudi."

Leo naliona kosa letu waziwazi. Sisi tunajua kukinga chakula dhidi ya jua, vumbi, mbwa na watoto. Mfuko wa ngozi tunaupenda kwa sababu unapumua. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuwazia kwamba hewa yenyewe inaweza kuwa na maji, kwamba unaweza kuanika nguo asubuhi na kuikuta mbichi jioni. Nilikuwa nimeripoti habari za ukame kwenye redio ya mjini kwa miaka minne, lakini unyevu sikuwa nimeufikiria hata siku moja.

Nahodha hakumfukuza. Alimwekea mtihani. Alete chakula chake tena, na yeye atachagua chombo kimoja na kukiweka ngamani, kule chini kabisa ya mashua maji ya chumvi yanakotuama, kwa siku kumi. "Kikitoka kikavu, unasafiri. Kikitoka kibichi, nachukua mpishi wa Mombasa, na wewe utatufungulia kamba tukiondoka."

Mama alibakiwa na nusu ya akiba, ile ya kiangazi chake mwenyewe. Aliifikiria siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza, "Ni chombo gani kisichopumua?"

Nilimkumbuka fundi mmoja wa Kakuma, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, niliyewahi kumhoji. Kazi yake ilikuwa kuyageuza makopo ya mafuta ya kupikia ya msaada kuwa masanduku, taa na majiko ya kuokea mikate. Nilimkuta sokoni kambini, amekaa juu ya kopo, anagonga kopo.

"Ejok, fundi."

"Ejok-noi, dada. Leo unataka habari ama unataka sanduku?"

"Nataka makopo arobaini yasiyopitisha hewa."

"Hewa? Unafungia nani ndani, shetani?"

"Maziwa. Yanaenda baharini."

Alinyoosha nyundo kuelekea mto, ambao watoto walikuwa wakichezea mpira ndani yake. "Bahari hii?"

Wenye maduka ya jirani walicheka, nami nikacheka. Lakini mikono yake ilikuwa imeshalichukua kopo na kuanza kuligeuzageuza kutafuta mahali pa kuweka kifuniko. Alitoa masharti mawili. Chakula kije Kakuma, kwa sababu kopo lingezibwa likiwa limejaa. Na asingeziba asubuhi. "Saa saba mpaka saa tisa. Kila kitu kiwe cha moto. Kopo, maziwa, hata mimi."

Oktoba mdogo wangu alipewa ruhusa ya wiki mbili akaja. Tulitoka Lodwar na mama kwa lori, yeye amekaa mbele na edodo mapajani, sisi nyuma na nyama. Makopo yalikuwa yameoshwa kwa maji ya moto na majivu mara tatu hadi harufu ya mafuta ikaisha, yakaanikwa yakiwa yametazama jua. Mama alinusa kila moja. Mawili aliyakataa na fundi akayaosha tena bila kubisha.

Ubishi ulianza kwenye moto. Fundi alipasha chuma chake kwenye makaa, akayeyusha risasi ya kulehemu, akaanza kuipitisha ukingoni mwa kifuniko.

"Unaniunguzia maziwa," mama alisema.

"Mama, natia moto juu. Maziwa iko chini."

"Moto haujui juu na chini."

Nilikuwa natafsiri Kiturkana kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Kiturkana, na nikiri kwamba maneno mengine niliyalainisha. Mwishowe fundi alifunga kitambaa kibichi kiunoni mwa kopo ili joto lisishuke. Mama aliweka kiganja chini ya kitambaa, akakiacha pale mpaka kifuniko kikazibwa, kisha akasema, "Endelea." Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa siku tatu: mdogo wangu akijaza na kushindilia, fundi akiziba, mama akiweka kiganja, nami nikiandika kwenye daftari namba ya kopo, kilichomo, siku na saa. Namba moja mpaka ishirini na nane zilikuwa maziwa. Zilizobaki, nyama.

Tulilala kwa rafiki wa fundi, mwanamke Mkongomani aliyeuza mandazi. Asubuhi ya pili, kabla ya chai, nilimkuta mama akitembea katikati ya makopo akiyagonga kwa kifundo cha kidole.

"Njoo uone," akasema.

Vifuniko vilikuwa vimebonyea ndani. Yaliyozibwa yakiwa ya moto yalikuwa yamepoa, na hewa ya ndani ikajivuta. Lakini manne yalikuwa bapa kama yalivyozibwa, na mlio wake ulikuwa mwingine. Fundi alikuwa ameandaa beseni la maji ya moto ili ayatumbukize makopo aone kama yanatoa mapovu. Mama alimzuia, akayatenga manne yake pembeni.

"Haya yanavuja."

Fundi akatumbukiza la kwanza. Mapovu. La pili, mapovu. Aliyaacha mawili yaliyobaki, akamwaga beseni. "Huyu mama akihamia Kakuma," alimwambia mdogo wangu, "mimi nitakufa njaa."

Aliyaziba upya saa nane mchana ule.

Lodwar tuliyapaka rangi ya bluu mara mbili dhidi ya kutu, rangi ya geti iliyokuwa imebaki, na juu yake nikaandika namba kwa nyeupe. Karatasi isingedumu ngamani. Mdogo wangu aliyapeleka pwani kwa basi, akabadilisha Nairobi, akayalipia kama abiria.

Nahodha alichagua namba tisa. Baada ya siku kumi aliifungua mwenyewe, akatia vidole ndani, akavisugua. Mdogo wangu anasema unga ulidondoka kama wa siku ya kwanza. Nahodha alichota kikombe, akakoroga na maji ya moto na sukari, akanywa chote, kisha akauliza: "Mama yako anaweza kutengeneza mengi zaidi?" Wiki ile ile waliondoka. Aliyefungua kamba alikuwa mlinzi wa gati.

Kila siku ya tatu Nahodha alituma ujumbe mfupi kwa simu ya setilaiti: mahali walipo, upepo, makopo yaliyofunguliwa. Mimi niliunakili daftarini na kumsomea mama. Siku ya kumi na sita ujumbe ulikuwa na mstari mmoja zaidi. Namba 27 limevimba.

Mengine niliyasikia baadaye, mdogo wangu alipopiga simu kutoka Durban. Kifuniko cha 27 kilikuwa kimenyanyuka katikati kama mkate uliokolea hamira. Nahodha aliwaambia kwamba kopo likivimba chakula chake kimeoza na huenda ni sumu, halifunguliwi ndani ya mashua, na kwamba sasa hana budi kuyashuku yote. Vyakula vingine vya dukani vilibaki vya siku nne hivi, na Durban ilikuwa bado siku tisa. Kugeukia bandari ya karibu kungemaanisha kwamba safari imevunjika, na imevunjwa na mtu wa chakula.

Mdogo wangu alilitoa namba 28. Maziwa yake yalitoka kwenye ngozi moja na ya 27, na kifuniko kilikuwa kimebonyea vizuri. Alilifungua mbele yao, akakoroga kikombe kizima, akanywa. Nahodha akaandika saa. Yule kijana wa Mtwapa akamwambia, "Ukifa, redio yako naichukua mimi." Walikaa mpaka kesho yake saa ile ile wakimtazama akila, akilala, akifanya zamu yake kwenye usukani. Hakuumwa hata tumbo. Walikula 28, wakala 26, wakaendelea mpaka wakaingia Durban siku ya ishirini na tano, na Nahodha akamwambia akae, wakavuke Atlantiki pamoja.

Mwaka uliofuata nilirudi Kakuma na daftari langu. Nilimsomea fundi: namba 26, 27 na 28, siku moja, saa nane na dakika kumi, saa nane na ishirini na tano, saa nane na nusu. Hakuna hata moja iliyokuwa kati ya yale manne ya kurudiwa.

"Risasi yangu ni safi," alisema. "Muulize mama yako. Ngozi ilikuwa imekauka kweli?"

Nilimwuliza mama. "Mwambie maziwa ya 27 na ya 28 yalitoka ngozi moja, na ya 28 mwanangu aliyanywa. Akatafute tundu lake."

Wote wawili wana uhakika. Jibu lilikuwa ndani ya kopo, na kopo Nahodha aliamuru litupwe baharini bila kufunguliwa. Mdogo wangu ndiye aliyelitupa. Anasema halikuzama. Lilielea nyuma yao, bluu na namba juu, na walipoacha kuliona lilikuwa bado limezibwa.