Majani Mabichi ya Katekista Metui

Alizaliwa Olbalbal, kwenye tambarare kavu chini ya milima ya Ngorongoro, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Mama yake Nalangu alikumbuka tu kwamba mvua ilikuwa nzuri. Naftali Metui alichunga ng'ombe wa baba yake hadi ujana wake. Neno la Mungu alilisikia Karatu alikokwenda kuuza ngozi, akabatizwa huko, akarudi nyumbani kuwa katekista. Alikuwa mtu wa haki. Tena, tuseme ukweli wapendwa, aliipenda mno haki yake: ukibishana naye hutoki mpaka ukubali. Mapadre walimheshimu, na majirani walimwogopa kidogo.

Jaribu lake lilimfika mwaka 1976, kiangazi kilipokaza. Kwa Wamasai kisima kina zamu, na zamu haichezewi. Olais, rafiki yake wa utotoni, ambaye Metui mwenyewe alimfundisha dini, alileta ng'ombe kisimani akidai kwamba siku ile ni yake. Metui naye akasema ni zamu yake yeye. Wazee wakaketi, wakawasikiliza wote wawili, wakampa Metui haki, na kweli ilikuwa yake. Laiti angeishia hapo! Jumapili, mbele ya waamini, alifundisha juu ya ushahidi wa uongo huku akimkazia Olais macho. Olais akainuka, akawaita mkewe na watoto, wakatoka. Siku chache baadaye ikasikika kwamba anahamia Engaresero, mwendo wa siku kadhaa, na ng'ombe waliokonda mbavu nje, kwa kuwa hawezi tena kunywesha kwenye kisima kimoja na mtu aliyemwaibisha.

Metui alijua kwamba wengi wa ng'ombe wale wasingefika, na watoto wangekosa maziwa njiani. Roho ilimuuma. Lakini mkewe Seenoi alipomwambia aende akaombe radhi, aling'aka: akaombe radhi kwa kosa lipi, na wazee wote wanajua ukweli? Seenoi hakubishana naye. Alimwuliza tu kama haki yake ile watoto wa Olais wataweza kuinywa. Metui akachukua shuka yake, akatoka.

Sasa, kwao anayeomba amani hushika majani mabichi mkononi, na anayeonyeshwa majani hayo hawezi kukataa kusikiliza. Ila Olbalbal yote ilikuwa vumbi tupu. Basi Metui akapanda kwa miguu hadi kwenye msitu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye ukungu, akang'oa majani, akayafunga ndani ya shuka aliyoilowesha, akateremka nayo. Alimkuta Olais akifunga mizigo juu ya punda. Akayafungua majani, akayainua, na kabla hajasema neno ndama mmoja mwenye njaa akajongea akayatafuna yote mkononi mwake. Watu wakacheka, hata Metui mwenyewe. Olais hakucheka.

"Umekuja kuniambia zamu ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Nimekuja kukuambia ng'ombe wako wana kiu, ndugu yangu," Metui akajibu. "Walete leo. Wangu watasubiri. Na yale ya kanisani, nisamehe."

Olais alimtazama, akamtazama na yule ndama, kisha akaanza kufungua mizigo. Baadhi ya ng'ombe wa Metui walikufa kiangazi kile. Iliuma, maana ng'ombe ni ng'ombe, lakini hakuna aliyemsikia akilitaja jambo hilo mpaka alipofariki kwa ugonjwa wa kifua mwaka 1985. Kaburi alilichimba Olais, na hakukubali kupokewa jembe.

Waamini husimulia kwamba kaburi lile hubaki na majani mabichi hata katika kiangazi kikali, nao huliita jambo hilo muujiza. Wengine wanasema hakuna muujiza wowote, ni Olais: kila zamu yake ya kisima inapofika, dumu la kwanza hulipeleka kaburini kabla ng'ombe wake hawajanywa. Nina hoja zangu juu ya jambo hili, tena nzuri. Lakini kwa ajili ya Naftali Metui, sitabishana na mtu.