Kombeo la Bibi Lilivyokwenda Safari

Juzi nilipita sokoni Ifakara nikakuta mama mmoja anakaanga pepeta. Kama hamjawahi kuila, ni mpunga mbichi unaovunwa kabla haujakomaa, unakaangwa na maganda yake, kisha unatwangwa ukiwa bado moto mpaka uwe bapa. Harufu yake ni ya nyasi mbichi na maziwa yaliyoungua kidogo. Wapita njia walisimama kununua. Mimi nilisimama kwa sababu nyingine: hasira ilinipanda palepale, katikati ya watu, nikaona bora niondoke kabla yule mama hajadhani nimekasirikia bei yake.

Mimi si mtu wa maneno mengi mbele za watu, kwa hiyo nitawaeleza ninyi.

Nilikuwa darasa la saba. Bibi, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa na shamba la mpunga kando ya mto, mwendo mfupi kutoka kijijini kwetu Mofu. Mwaka ule mafuriko yalichelewa kuondoka, naye akachelewa kupanda, hivyo likizo ya Juni ilipofika wenzetu wengi walikuwa wameshavuna na mpunga wetu ulikuwa ndio kwanza unajaza maziwa ndani ya punje. Wanaolima bondeni wanajua maana yake. Ndege wote waliokuwa wakigawana mashamba ya watu wengi walihamia kwetu.

Mama alibaki kijijini na wadogo zangu. Mimi na Bibi tulihamia kwenye dungu. Hicho ni kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na unapanda kwa ngazi. Humo ndimo tulimolala na kupika, kwenye mafiga ya udongo yaliyosimama juu ya sakafu ya fito. Ukikaa mlangoni unaliona shamba lote mpaka mtoni. Kamba zenye makopo matupu zilitoka kwenye dungu kwenda kila upande, ukivuta moja makopo yanapiga kelele mbali huko. Kwa ndege wabishi tulikuwa na kombeo, alilolisuka Bibi mwenyewe kwa nyuzi za katani. Unaweka kidonge cha udongo, unalizungusha juu ya kichwa, unaachia ncha moja, na kidonge kinakwenda kikivuma.

Msimu ule Bibi alikuwa ameligawa shamba kwa namna yake. Sekondari niliyotarajia kwenda ilikuwa mbali, ya kulala hosteli, na hosteli haikupokei mikono mitupu. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, alinyoosha kidole jaruba baada ya jaruba, kila kipande cha mpunga na matuta yake.

"Lile pale chini ni godoro lako. Linalofuata, sanduku na ndoo. Hili la karibu ni sare na viatu. Ndege wakitua pale chini, piga kelele kama mtu aliyekuta mwizi anatoka na godoro mlangoni."

Basi nilikuwa nikipiga kelele. Mimi niliyeshindwa kujibu swali darasani bila kutazama vidole vya miguu, kule juu ya dungu nilikuwa na sauti ya kuamsha kijiji. Ndege hawamcheki mtu.

Kulikuwa na desturi moja ambayo lazima niwaeleze. Mtu yeyote anayefika kwenye dungu la mwenzake wakati wa ndege anapewa kombeo kwanza. Hukaribishwi kukaa, hupewi maji, unapewa kombeo. Unarusha vidonge vichache, unapiga kelele zako, mwenye shamba anapumzisha mkono. Ukishamaliza zamu yako, hapo ndipo unakaa, unaletewa pepeta, na mazungumzo yanaanza. Mkubwa au mdogo, hakuna anayerukwa. Padri mmoja aliyepita kwa mtumbwi alipewa lake, akarusha kidonge kikaenda nyuma badala ya mbele, na Bibi alimwambia, "Shikamoo Baba, lakini mpunga uko huku."

Wageni kutoka mbali walikuwepo hata zamani, wachache. Bibi alipenda kusimulia habari za Mzungu mmoja aliyekuja kutazama wanyama wakati barabara imekatika. Alishuka treni Ifakara akiwa na begi mgongoni, akatafuta mtumbwi. Mtumbwi unasukumwa kwa upondo, mti mrefu unaogota chini ya mto, na msukuma upondo ni mtu, anachoka, kwa hiyo walisimama dungu baada ya dungu. Mpaka anafika kwa Bibi mkono wake ulikuwa umevimba kwa kurusha, na alikuwa ameshajua kuwapigia ndege "swaaa!" kama mtu wa Mofu. Aliwaona viboko wake, aliwaona sheshe wake, wale swala wa bondeni kwetu, malishoni, na akaondoka akijua majina yetu.

Kisha lami ikafika Ifakara, na daraja kubwa likajengwa mtoni pale palipokuwa na kivuko. Sitaki mnielewe vibaya. Nimeona mama mjamzito akivushwa darajani usiku bila kumsubiri mtu wa kivuko aamke, na siwezi kusema neno baya juu ya daraja. Lakini barabara ilileta jambo jingine. Magari ya watalii yaliyokuwa yakiishia kwenye maporomoko ya maji huko milimani sasa yaliweza kuamka yakaja bondeni, wageni wakapanda boti ya injini, wakaona viboko na ndege, wakarudi garini, na jioni wakalala mbuga nyingine kabisa. Sisi tukawa kituo cha katikati, mahali pa kusimama kidogo.

Boti ya kwanza ilikuja asubuhi moja ya likizo ile, wakati Bibi anazungusha kombeo. Ndani yake walikuwemo wageni wenye kofia za kamba kidevuni na darubini shingoni, na mwongozaji wao alikuwa Deo. Deo tulimfahamu. Alikuwa kijana wa Lipangalala, pale pale Ifakara, mama yake analima mpunga kama sisi. Alisogeza boti mpaka ukingoni mwa jaruba la godoro.

"Shikamoo Bibi! Nimekuletea wageni!"

Bibi alifurahi, jamani. Alijifunga khanga vizuri, akashuka ngazi haraka kama msichana. Akamwendea mgeni mrefu kuliko wote, akamnyooshea kombeo kwa mikono miwili.

"Karibu baba. Shika."

Yule mgeni aliligeuza kombeo huku na huku, akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akainama. Mke wake akapiga picha. Kisha yule mume akalikunja vizuri, akafungua begi lake, akalitia ndani.

Bibi alimtazama Deo. "Mwanangu, mwambie ni zamu yake, arushe."

"Bibi, ameshalichukua kama zawadi. Tumnyang'anye mkononi? Utaniharibia kazi."

"Sasa mimi nitafukuza ndege kwa kitu gani? Kwa rozari?"

Deo alicheka, akatafsiri kitu kingine kabisa, nao wageni wakacheka na kupunga mikono. Boti ikaondoka. Bibi alibaki amesimama kwenye matope, kisha akasema, "Haya. Kombeo langu limepanda ndege bila pasipoti." Tulicheka mpaka nikasahau kuvuta kamba. Mchana ule akasuka jingine.

Kesho yake boti ilirudi na wageni wengine. Na kesho yake tena. Deo alikuwa amegundua kwamba hakuna mahali mtoni penye ndege wengi kama kwetu. Hilo lilikuwa kweli, na sababu yake ilikuwa mpunga wetu. Lakini yeye aliwaonyesha wageni ndege kana kwamba wameota hapo kama majani.

Halafu akaja na ombi. Alipanda ngazi peke yake, akachuchumaa mlangoni kwa adabu.

"Bibi, naomba kitu kidogo. Tukifika, msivute makopo. Ndege wakiruka, wageni hawapati picha."

"Mnafika asubuhi, Deo. Asubuhi ndiyo wanakula. Mama yako hakukufundisha?"

"Ni muda mfupi tu. Tukiondoka, fukuzeni mpaka mchoke. Bibi, hawa wageni wametoka mbali."

Neno hilo ndilo lililomfunga. Bibi angeweza kubishana na Deo siku nzima, lakini mgeni aliyetoka mbali hapigiwi kelele. Akakubali. Na kuanzia hapo kila asubuhi boti ilipofika tulikaa kimya mlangoni mwa dungu, mikono mapajani kama watu wa msibani, huku ndege wakila godoro langu. Mmewahi kusikia kwelea kwelea, hao ndege wadogo wa makundi, wakila mpunga? Ni mlio mdogo, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Chini, kamera zilikuwa zinalia nazo, kri-kri-kri, na sikujua nani anakula zaidi.

Nilimkasirikia Bibi kuliko nilivyomkasirikia Deo. Nilidhani anawaogopa Wazungu.

Asubuhi moja nilishindwa. Ndege walikuwa wamemaliza kwenye godoro na kuhamia kwenye sanduku, wingu zima. Nilisimama, nikavuta kamba zote kwa pamoja, nikapiga kelele iliyotoka tumboni. Ndege wakainuka wote, wakageuka angani mara moja kama shuka linalokung'utwa. Nilitegemea wageni wakasirike. Nilitaka wakasirike.

Wakapiga makofi.

"Safi sana, binti!" Deo alipaza sauti kutoka kwenye boti. "Kesho ufanye hivyohivyo! Ila usubiri ninyanyue kofia, wawe wameandaa kamera!"

Nawaambieni, nimetukanwa mara kadhaa maishani, lakini hakuna tusi lililoniingia kama makofi yale. Kelele ilikuwa yangu, ilikuwa ya mwizi anayetoka na godoro, na mtu akaipigia makofi kama ngoma ya sherehe. Kesho yake nikajikuta nimekaa, kamba mkononi, nasubiri kofia ya Deo. Ndege walikuwa wameshafika jaruba la karibu, la sare na viatu. Deo alikuwa anamsaidia mama mmoja kurekebisha darubini, hana haraka.

Bibi alinitazama mkononi, akaitazama ile kofia. Akasimama.

"Deo. Shuka kwenye boti."

"Bibi, tuko kwenye..."

"Nimesema shuka."

Deo alishuka, akavua viatu, akaingia kwenye matope. Bibi alimpeleka mpaka katikati ya jaruba la godoro, akakata suke moja, akalipukutisha kwenye kiganja cha Deo.

"Sugua."

Deo akasugua. Yalikuwa makapi matupu, hata punje moja ya kumpa kifaranga haikuwemo.

"Hili lilikuwa godoro la mjukuu wangu. Waambie walipige picha na hili."

Nilikuwa namwangalia Deo usoni kutoka juu, nikingoja aone aibu, maana alikuwa mtoto wa mpunga, hakuhitaji kuelezwa. Na nina hakika alielewa. Alikitazama kiganja chake. Kisha akainua macho kwenye jua.

"Tunachelewa, Bibi. Mchana wanatakiwa wawe wameshafika darajani." Akayapuliza yale makapi, akajipangusa mkono kwenye suruali, akarudi kwenye boti.

Hawakuja tena baada ya hapo. Msije mkadhani walituonea huruma. Mpunga ulikuwa karibu umekwisha, na ndege nao walihama.

Tulichovuna kilikuwa cha kula, tena cha kula kwa kujibana. Septemba nilifanya mtihani, na majibu yalipotoka jina langu lilikuwemo. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani kutupa mkono wa hongera. Januari wenzangu waliondoka juu ya lori la magunia, wamekalia magodoro yao mapya yaliyobanwa kwa kamba, wakiimba. Mama alijaribu kila mlango na milango ilikuwa ni ya watu kama sisi, wasio na cha kukopesha, basi mimi nikabaki.

Siku hizi nikisikia viongozi mikutanoni wakisema utalii umelifungua bonde, ndege wetu ni kivutio, sheshe wetu ni kivutio, maisha yetu ya asili ni kivutio, najua wanasema jambo la kweli. Kuna vijana wamepata kazi. Kuna watu wamejenga. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kuuliza wale ndege walikuwa wanalishwa na nani. Mtumbwi ulikuwa mwalimu mkali: ulimlazimisha mgeni kusimama, kushuka, kusalimia, kushika kazi. Boti ya injini haimlazimishi mtu kitu chochote, na wanaoiendesha wameona hiyo ndiyo sifa yake.

Siku ile lori lilipoondoka nilikaa na Bibi nyuma ya nyumba. Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu Juni: kwa nini alimsikiliza Deo, kwa nini tulinyamaza asubuhi zote zile.

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Ningejua mapema kwamba wale si wageni," alisema, "ningewafukuza pamoja na ndege."

Nilicheka huku nalia, nikidhani ananitania ili kunibembeleza. Nimekuwa mtu mzima ndipo nimeelewa kwamba hakuwa akitania. Hakuwa amewaogopa Wazungu hata kidogo. Alikuwa amewahesabu kuwa wageni, na mgeni kwake alikuwa mtu ambaye, ukimpa muda, atauliza unafanya nini na atakusaidia kukifanya. Akawapa muda, asubuhi baada ya asubuhi, kwa gharama ya kitu kilichokuwa changu. Sikuwahi kumsikia akimnyima mtu jina la mgeni, hata walevi, hata wadeni. Siku ile aliwanyima wale wote kwa pamoja, akachukua ungo wake wa mboga, akaingia ndani kupika.