Matairi Niliyoyatetea Kilifi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala pampu. Fundi Mkuu wa karakana ya baiskeli pale Malindi, mtu mnene wa maneno machache, alinirushia tairi kuukuu na kisu, akasema, "Lipasue." Nikalipasua. "Umeona nini?" Nikamjibu nimeona mpira. Akaguna, akasukuma jingine kwa mguu. "Pasua tena."

Nilipasua matairi siku hiyo mpaka vidole vikafanya malengelenge, na kufikia alasiri nilikuwa nimejua jambo ambalo nyinyi vijana mnaonunua tairi kwa rangi yake hamlijui hadi leo. Tairi si mpira. Tairi ni kitambaa kilichovikwa mpira. Ndani mna nyuzi zilizopangwa safu juu ya safu, na nyuzi hizo ndizo zinazombeba mtu na mzigo wake. Mpira wa juu, wenye yale matuta tunayoyaita kashata, kazi yake ni kushika barabara na kuuchelewesha mwiba. Nyuzi zikiwa haba, hata uvike mpira mnene namna gani, jiwe la matumbawe litalichana tairi ubavuni na utarudi nyumbani unakokota.

Malindi nilikaa miaka minne, nikatoka fundi kamili, na sisemi kwa kujigamba. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikaitwa Kilifi, kwenye kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya nazi. Jina lake nalihifadhi. Kiwanda kilikuwa na baiskeli ishirini za kuwaazima wafanyakazi waliokaa mbali, na mimi ndiye niliyekabidhiwa baiskeli hizo.

Mjue kwamba daraja la Kilifi halikuwapo. Mtu wa Mnarani, au wa Junju huko nyuma zaidi, ilimbidi avuke kwa feri. Ukipata pancha njiani, feri ya alfajiri inakuacha, na ukivuka na ya pili unakuta lango limefungwa. Pale langoni alikaa msimamizi tuliyemwita Bwana Lango, ana daftari lake na kalamu nyekundu. Sheria ilikuwa moja: ukichelewa mara tatu ndani ya mwezi, huna kazi. Kwa hiyo mniwie radhi nikisema kwamba pale Kilifi tairi lilikuwa chakula cha watoto wa watu.

Nilipofika nilikuta matairi yote vipara, hayana kashata hata moja. Bwana Stoo, aliyeshika ghala na mambo ya manunuzi, alikuwa tayari amemletea Meneja sampuli ya matairi mapya. Lo! Yaling'aa hayo, yana ubavu mwekundu, mepesi unayainua kwa kidole. Meneja akayapenda papo hapo. Mimi nikaomba ruhusa, nikalichukua moja, nikaligeuza ndani nje, nikaliinua dirishani.

"Bwana Meneja, tazama hapa. Unaiona nuru inavyopenya?"

"Naiona."

"Basi na mwiba utapita papo hapo."

Nikamwaga mbigiri juu ya ubao, zile mbegu za miiba zinazotambaa kila njia ya mchanga huku kwetu, nikalikandamiza tairi jekundu kwa kisigino. Miiba mitatu ikachomoza upande wa pili. Kisha nikafanya vivyo hivyo na kipande cha tairi zito jeusi nililokuja nalo kutoka Malindi. Hapakutoka kitu.

"Hilo jekundu ni la kwenda harusini," nikasema. "Hili ni la kwenda kazini."

Meneja alicheka, Bwana Stoo hakucheka. "Zito hilo," akasema. "Watu watachoka kabla ya kufika."

"Akanyagaye tairi zito hufika amechoka. Akanyagaye hilo lako hafiki."

Meneja akanielekezea kalamu. "Haya Fundi, nakuachia wewe. Lakini yakishindwa, nitajua nani wa kumuuliza."

Basi nikachagua mwenyewe, moja moja. Nilitaka nyuzi zilizobanana, na chini ya kashata pawe na safu moja zaidi ya kitambaa, maana hapo ndipo mwiba hugonga kwanza. Nilitaka kashata za katikati ziwe zimeungana kama ukanda, kwa sababu tairi la namna hiyo hubingirika vizuri njiani na huchelewa kuisha. Ukucha ukibonyezwa uingie kidogo na alama ipotee. Alama ikibaki, mpira ni laini mno, na ukucha usipoingia kabisa, mpira umeshakauka na utapasuka. Ndani nikatandika tyubu kuukuu zilizopasuliwa urefu, kati ya tairi na tyubu nzima, zikawa ngao ya pili.

Siku ya kuyagawa niliwapanga wafanyakazi wote ishirini uani, nikawahutubia kama shehe. Nikawaambia wayakague kila jioni na kung'oa miiba kabla haijazama. Mwisho nikawapa wasia ambao kila fundi wa Malindi aliutoa: jua likiwa kali, toeni upepo kidogo, tairi lisije likapasuka.

Kati ya hao ishirini mwanamke alikuwa mmoja, Kadzo wa Junju. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini huko Rabai, na huko ndiko alikojifunza baiskeli tangu msichana. Mumewe alikuwa amekufa. Alikuwa na watoto watatu na mama mzazi asiyeona, wote wakimtegemea yeye. Wanaume walimcheka akipita na leso yake kafunga kiunoni, naye hakuwaacha hivi hivi. "Cheka ukimaliza uje unipite," alikuwa akiwaambia, na hawakumpita.

Mwezi wa pili wa matairi yangu, Kadzo akachelewa kwa pancha. Nikaziba. Baada ya siku sita akachelewa tena, pancha. Nikaziba, roho ikaanza kuniuma. Wengine nao walikuwa wakipata, ila wao walikaa karibu na feri. Bwana Stoo akipita mlangoni kwangu alikuwa akiimba, "Tairi la kazini hilo!" Nilitamani kumrushia nyundo.

Alhamisi moja Kadzo akaingia uani anakokota baiskeli, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Hakusema shikamoo wala nini. Bwana Lango alikuwa ameshaandika kosa la tatu.

"Fundi, nimefukuzwa," akasema. "Meneja atatia sahihi Jumamosi. Hebu niambie nikawape nini watoto wangu."

Nikaitoa tyubu, nikapitisha vidole ndani ya tairi kutafuta mwiba. Hapakuwa na mwiba. Nikaizamisha tyubu majini, mapovu yakatoka kwenye matundu mawili, yamekaa sambamba kama meno ya nyoka. Nikajua mara moja. Matundu pacha si ya mwiba. Tyubu imebanwa kati ya rimu na jiwe, na tyubu haibanwi hivyo ila tairi likiwa legevu.

"Kadzo, umetoa upepo?"

"Natoa kila siku nikitoka saa tisa. Si wewe uliyesema?"

"Asubuhi huujazi tena?"

Akanitazama kama mwendawazimu. "Kwa pampu gani, Fundi? Pampu si unayo wewe hapa kiwandani?"

Wallahi, kumbe kila alfajiri alikuwa akija na tairi legevu juu ya mawe, kwa neno langu mimi. Siku hiyo hiyo nikalijaza tairi moja upepo mpaka likawa gumu kama ubao, nikaliweka juani kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Halikupasuka. Halikufanya lolote. Miaka yote ile nilikuwa nimepasua matairi, nimehesabu nyuzi, nimepima mpira kwa ukucha, lakini neno lile la upepo sikuwahi kulipima hata mara moja. Nililipokea, nikalitoa.

Jumamosi tukaitwa kwa Meneja. Kadzo alisimama karibu na mlango, Bwana Lango ana daftari lake, Bwana Stoo naye kaja ingawa hakuitwa.

"Mwanamke na baiskeli wapi na wapi," akasema Bwana Lango. "Hajui kuendesha."

"Ni yale matairi," akasema Bwana Stoo.

Meneja akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye mjuzi. Ni tairi au ni yeye?"

Nitawaambia ukweli, maana nimeshazeeka. Jibu la "ni yeye" lilikuwa limenifika ulimini. Lingeniokoa mimi na matairi yangu, na hakuna ambaye angenipinga. Nikamtazama Kadzo. Alikuwa ameshajua nitakalosema; alikuwa ameanza kuivua leso kiunoni, ajifunike, atoke.

"Si tairi, na si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilimwambia atoe upepo, na nilimwambia vibaya. Nimewaambia wote ishirini."

Bwana Stoo alifungua kinywa, Meneja akamwinulia mkono. Kisha akalivuta daftari, akaifuta ile safu ya Kadzo, akaniambia kwamba mimi nitapata barua ya onyo na kwamba Jumatatu asubuhi nitasimama langoni nimrudie kila mtu nimwambie nilikosea. Nilisimama. Aibu ya asubuhi ile siisahau, kwa kuwa walinicheka mmoja mmoja. Tukanunua pampu ya kukaa kule ng'ambo, penye kivuko, na pancha za matundu pacha zikaisha. Matairi yale mazito yalidumu kuliko yote niliyopata kuyafunga, na hilo nalisema kwa sauti.

Kadzo alifanya kazi kiwandani hadi akawa msimamizi wa chumba cha kukamua. Nilipostaafu mimi, alisimama kwenye karamu kusema machache. Wengine walikuwa wamenisifu kwa ufundi, kwa uaminifu, kwa kila kitu. Yeye akaanza kwa kunicheka.

"Fundi huyu nusura anifukuzishe kazi," akasema. "Watoto wangu walisoma kwa sababu alisimama mbele ya wakubwa akasema 'ni mimi'. Nimefanya kazi na wanaume miaka yote hii. Sijamsikia wa pili."

Watu wakapasuka kwa vicheko na makofi. Mimi niliinamisha kichwa, nikalia.