Mama Pasi Ageuza Kiti, Kidole Chapona

Haya nimesimuliwa na mkwe wangu juzi jioni, tukikunja nguo. Anafanya kazi chumba kimoja cha dobi na huyu ninayemwandika, basi siongezi chumvi, iliyopo inatosha.

Saa kumi na moja jioni Mama Pasi anazima pasi, ananawa mikono, anafungua kisanduku cheusi. Ndani mna filimbi ya chuma, ile inayopigwa kwa ubavu, imelala vipande vitatu: kichwa, mwili na mguu. Anaviunganisha kwa kuzungusha taratibu, akishika pasipo na vibonyezo. Tundu la kupulizia analiweka mstari mmoja na vibonyezo. Mguu anaupindisha kidogo, ukifuate kidole kidogo cha kulia.

"Ukiilazimisha inapinda," anasema, "na ikipinda utalia wewe."

Mchana ni mpiga pasi, jioni ni mpiga filimbi wa bendi ya mtaa. Mwezi uliopita nusura aikose hiyo filimbi. Kila ukipigwa wimbo mrefu, mkono wa kulia ulikufa ganzi, kidole kidogo kikagoma, filimbi ikateleza. Mkuu wa bendi akamwambia kwa upole kwamba ikiteleza tena Jumamosi, atampa matoazi. Kule dobi wakamtania kwamba afadhali matoazi, ni sawa na kupiga pasi mbili kwa mpigo.

Yeye hakucheka. Alidhani pasi ndiyo imeumaliza mkono, na pasi ndiyo inayolisha watoto. Aache ipi?

Jibu lilitoka kwa wifi yake anayeishi naye, mtu asiyejua hata kupiga mluzi. Alikuwa anamenya vitunguu, akamtazama weee akifanya mazoezi, mwisho akauliza:

"Wifi, hapo kulia umekaa na nani?"

"Sijakaa na mtu."

"Sasa kiwiko umekibana hivyo unamwogopa nani? Na shingo umeipinda kama unachungulia kwa jirani."

Mama Pasi akaishusha filimbi. Chumba cha mazoezi cha bendi ni chembamba, viti vimebanana, na filimbi hutokeza upande wa kulia. Tangu anajifunza alikuwa akiivuta nyuma begani, asimtoboe jirani jicho. Mwili ukazoea. Hata nyumbani, peke yake, alikuwa anamkwepa mtu ambaye hayupo.

Jumamosi aliwahi. Akakigeuza kiti kielekee kulia kidogo, uso ukabaki kwa mkuu wa bendi. Jirani yake, mzee wa tarumbeta, akaombwa arudi nyuma.

"Kumbe miaka yote hii unalilinda jicho langu?" akasema mzee. "Mwanangu, narudi hata ukutani."

Filimbi akaiegemeza kwenye shina la kidole cha shahada cha kushoto, gumba la kulia likaibeba kwa chini, mabega yakashuka. Wimbo mrefu ukaanza, ukaisha. Kidole kilikuwa kizima.

Mkuu wa bendi akaurudisha wimbo toka mwanzo, kuhakikisha. Kisha akasema matoazi yatafutiwe mtu mwingine.

Sasa Mama Pasi ameomba awafundishe wanaoanza, naye mkuu amekubali.

"Nitaanza na kiti," anasema. "Mtu akae vizuri kwanza. Kupuliza kutamkuta hapo hapo."

Jumamosi hiyo alirudi nyumbani akamsimulia wifi yake yote, watoto wakiwa wamelala. Wifi akaanza kudai ada yake ya ualimu. Mama Pasi alikuwa ameshasinzia, mikono imelegea pande zote mbili. Wifi akamfunika shuka, akacheka peke yake, akazima taa, naye akalala.